Kitabu ni Haki ya Asiyeona Pia

(Hotuba kwa viongozi wa walei na waamini wa pande za Masasi na Newala)



Ndugu wapendwa, Injili ya Marko, sura ya 10, inatusimulia habari za Bartimayo, kipofu aliyeketi kando ya njia. Umati ulimkemea ili anyamaze. Yesu alimwita, akamwuliza anataka atendewe nini. Hakumkisia haja yake. Nasi tukiwauliza ndugu zetu wasioona katika jumuiya zetu, yumkini baadhi yao hawatatuomba sadaka, bali kitabu.

Kanisa halikuanza leo kujali jambo hili. Mwaka 1950 Waanglikana walifungua shule ya wasioona huko Buigiri, Dodoma. Tangu hapo wengi nchini wamejifunza kusoma kwa vidole maandishi ya nukta nundu. Lakini kujua kusoma ni jambo moja, na kupata kitabu ni jambo jingine. Biblia nzima katika nukta nundu hujaza majuzuu zaidi ya 30. Nani atayapandisha yote kutoka Masasi hadi Newala, juu ya uwanda wa Makonde? Umoja wa Vipofu Duniani unakadiria kuwa, katika kila vitabu 10 vinavyochapishwa, hakifiki hata 1 ambacho asiyeona aweza kukisoma.

Siku hizi ipo njia nyepesi. Kabla ya kuwa karatasi, kitabu huwa ni faili katika kompyuta ya mchapishaji. Faili hilo likikabidhiwa maktaba ya kidijiti, laweza kugeuzwa kuwa nukta nundu, maandishi makubwa, au sauti ya kusikilizwa katika simu. Maktaba ya Bookshare, iliyoanzishwa Marekani mwaka 2002, leo ina vitabu zaidi ya milioni 1, na wachapishaji wengi huipelekea mafaili yao wenyewe.

Sheria nayo imefungua mlango. Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013 unataka nchi wanachama ziruhusu vitabu vigeuzwe kwa ajili ya wasioona bila kungoja kibali cha mwenye hakimiliki, na kuvushwa mipaka. Tanzania ilijiunga nao mwaka 2020. Hata hivyo, mkataba haumlazimishi mchapishaji kutoa faili. Asipolitoa, hapana budi mtu akipige picha kitabu ukurasa kwa ukurasa, kisha asahihishe makosa yote. Kazi ya dakika chache inakuwa kazi ya majuma.

Wapo wanaohofu kuibiwa. Hofu hiyo tunaiheshimu, kwa maana mwandishi na mchapishaji wana haki ya jasho lao. Ndiyo sababu maktaba kama hiyo huandikisha tu wale waliothibitishwa kuwa hawawezi kusoma maandishi ya kawaida. Isitoshe, kitabu cha karatasi hakimfai asiyeona. Hasara iko wapi akipewa kile anachoweza kukisoma?

Wala tusiwanyoshee kidole wachapishaji wa mbali. Wabenediktini waliweka misheni yao Ndanda, hapa hapa Masasi, mwaka 1906, na majina ya Ndanda na Peramiho yamo katika vitabu vingi vya dini tunavyovishika mikononi. Kanisa nalo ni mchapishaji. Jimbo linalochapa kitabu cha nyimbo, parokia inayochapa katekisimu, hata Tume inayotoa kijitabu hiki: wote wana faili mkononi.

Basi tunawasihi mambo matatu. Kwanza, kila Jumuiya Ndogo Ndogo iwatambue wanajumuiya wake wasioona na kuwauliza wanataka kusoma nini. Pili, Halmashauri ya Walei ishirikiane na Chama cha Wasioona Tanzania kuwaandikia wachapishaji, ikitaja vitabu hivyo kwa majina. Tatu, vijana wenye simu wawasaidie kupakua vitabu mahali penye mtandao, ili wavisikilize nyumbani hata mtandao usipokuwapo.

Mambo ya Walawi, sura ya 19, yanatukataza kumwekea kipofu kikwazo njiani. Faili lililofungiwa ofisini bila sababu ni kikwazo cha namna hiyo. Tukiondoe, si kwa huruma, bali kwa haki.