NDEGE WA UDONGO: MAZUNGUMZO NA WAZAZI WA CHEKECHEA, KHWISERO

Haya ni maneno ya mwalimu wa chekechea kwa wazazi na walezi wa watoto wa PP1 na PP2.

Akina kukhu, najua ninyi ndio mnaoshinda na hawa watoto.

Kila muhula naulizwa swali moja: "Mwalimu, mbona mtoto wangu anacheza tu? Ataandika lini?" Leo nitajibu kwa ndege.

Mkono wa mtoto wa miaka minne bado haujakomaa. Ukimlazimisha kalamu ataishika kwa ngumi, atachoka, atalia, na kesho hataki shule. Mpe udongo wa mfinyanzi. Afinyange ingokho: mwili kama yai, kichwa kama ndimu, mdomo aubane kwa kidole gumba na cha shahada. Vidole hivyo viwili ndivyo vitakavyoshika kalamu. Msimfinyangie. Kuku akitoka na miguu mitatu, muulize wa tatu ni wa kazi gani. Atakueleza.

Siku mkichinja jogoo, wekeni manyoya machache, yaoshwe kwa sabuni na kuanikwa juani. Uji mzito wa unga ni gundi tosha. Lakini ndege aliyeokotwa amekufa asiguswe kabisa, hujui ameuawa na ugonjwa gani. Na macho yachorwe kwa makaa, si kwa maharagwe wala punje za mahindi. Watoto wa umri huu huzitia puani, na mchezo unaishia hospitalini.

Kisha tokeni nje. Wale ndege wadogo wa manjano wanaoning'iniza viota mtini, dume ndiye husuka na jike huja kukagua. Asipopendezwa anaondoka, na dume hubomoa aanze upya. (Akina baba, mnacheka nini?) Mtoto akishaona hayo, mpe majani makavu ya mgomba asuke kiota chake. Kile cha mtini kisiangushwe.

Hapo nina uchungu kidogo. Mtoto wa miaka mitano hujifunza kumpiga ndege mawe kwa kumtazama mkubwa wake mwenye manati. Korongo mwenye taji, anayetaga kwenye nyasi za mabonde yenye maji, yumo tangu 2012 katika orodha ya ndege walio hatarini kutoweka duniani. Mayai yake yakiendelea kuokotwa, wajukuu wetu watamjua kwenye bendera ya Uganda tu.

Wekeni sahani ya maji chini ya mti, mkae mbali, mtoto ahesabu wageni wanaokuja kunywa. Ahesabu kwa lugha ya nyumbani au kwa Kiswahili, zote ni hesabu. Jioni maji yamwagwe, yasizalishe mbu.

Jumatatu kila mtoto aje na ndege wake. Akivunjika shingo njiani, aje naye hivyo hivyo. Udongo upo.