Kufurika: Neno Moja, Hasara Mbalimbali
(Maneno yaliyosemwa Runzewe kwenye mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa niseme machache juu ya neno la kitaalamu. Nimechagua "kufurika", maana kila mmoja analijua, lakini kila kazi hulitumia kwa namna yake.

Uji ukifurika jikoni, mpishi hupunguza moto. Hasara ameiona papo hapo. Sokoni ni vingine. Gunia la viazi likijazwa na kuongezwa kilemba juu, tunaliita lumbesa. Mkulima hutoa mazao zaidi kwa bei ya gunia moja. Ndiyo maana Sheria ya Vipimo inalikataza.

Mhandisi wa bwawa hangoji maji yajichagulie pa kupita. Huacha njia ya maji ya ziada, kwani yakipita juu ya tuta la udongo hulila mpaka likatike. Ziwa letu la Victoria nalo hufurika. Mei 1964 lilifikia mita 13.41 kwenye kipimo cha Jinja. Mei 2020 likaipita alama hiyo, na watu wengi wa ufukweni wakahama.

Katika kompyuta, namba hupewa nafasi maalumu. Nafasi ya biti 16 inayobeba chanya na hasi huishia 32,767. Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ariane 5 ilirushwa kutoka Kourou. Ilitumia programu iliyotoka kwenye Ariane 4, ambayo mwendo wake ulikuwa mdogo zaidi. Namba moja ya mwendo ikazidi nafasi yake, mitambo ya uongozaji ikasimama, na roketi ikalipuka kabla ya dakika moja kwisha. Hakuna aliyeona kitu kikimwagika.

Ndugu zangu, kufurika kwa kimya ndiko kubaya zaidi. Tangu 2016, ada ilipofutwa hadi kidato cha nne, shule nyingi za serikali zimefurika. Hiyo ni heri, lakini mwanafunzi asiye na dawati hatoi povu kama uji. Hasara yake huonekana siku ya matokeo.

Basi, wanafunzi, popote mtakapofanya kazi ulizeni: kimezidi nini, chombo kina ukubwa gani, na nani anabeba kilichomwagika? Nasi wa zamani tuanze na madawati.