Nyumbani na Ugenini: Habari za Kundi Moja la Mpira

Maneno haya yalisemwa mbele ya viongozi wa familia za wahamishwa wa vita, machefu wa kartye na vijana wa pande zote mbili, katika mkutano wa kutayarisha mashindano ya mpira kati ya vijana wahamishwa na vijana wenyeji.



Nimeombwa niseme juu ya mpira na amani. Jambo hilo limesemwa mara nyingi hata limechakaa. Kila mradi unaofika huku unaleta mipira miwili na fulana, na siku ya fainali watu wanapigwa picha. Leo sitawaambia kwamba mpira unaleta amani. Nitawaeleza habari za kundi moja, ambalo wengi wenu mlilifuata kwenye redio, kisha tutazame kama lina kitu cha kutusaidia katika shida iliyo mbele yetu, yaani mashindano haya tuyafanye namna gani vijana wasirushiane mawe.

Tarehe 13 mwezi wa 7 mwaka 2023, huko Abidjan, nchi 54 za Afrika ziligawanywa katika makundi 9 ya kutafuta nafasi katika Kombe la Dunia la 2026. Kundi B likatoka hivi: Senegal, Congo yetu, Sudani, Sudani Kusini, Togo na Mauritania.

Tazameni majina hayo polepole. Congo, ambayo upande wa mashariki una watoto waliozaliwa katika mahema na wao sasa ni wazazi. Sudani, ambako vita vililipuka tarehe 15 mwezi wa 4 mwaka huohuo, miezi mitatu tu kabla ya kura kupigwa. Sudani Kusini, iliyopata uhuru mwaka 2011 na mwisho wa 2013 ikaanza kupigana yenyewe kwa yenyewe. Katika nchi sita, tatu zinajua maana ya kufunga mzigo usiku. Hakuna aliyepanga hivyo. Ni kura tu.

Sheria ya kundi mnaijua. Kila nchi inacheza na kila mwenzake mara mbili, mara moja nyumbani na mara moja ugenini. Kwa hiyo mechi 10 kwa kila moja. Ushindi ni pointi 3, sare pointi 1. Wa kwanza anakwenda Kombe la Dunia. Wa pili anaweza kupata njia nyingine ikiwa ni mmoja wa wanne bora kati ya wa pili wa makundi yote.

Sasa ninataka tusimame kwenye neno moja, neno «nyumbani».

Sheria inasema Sudani icheze mechi tano nyumbani. Nyumbani wapi? Khartoum kulikuwa na mizinga. Ligi yao ilisimama. Vilabu vyao viwili vikubwa, Al-Hilal na Al-Merrikh, vyote vya Omdurman, vilikwenda kucheza katika ligi ya Mauritania msimu wa 2024-2025, na msimu uliofuata vikapokelewa katika ligi ya Rwanda. Klabu nzima ikawa mhamishwa, pamoja na wachezaji, waganga na wafuaji wa jezi. Timu ya taifa nayo ikaazimwa uwanja Benghazi, nchini Libya, nchi ambayo yenyewe ilikuwa na majeraha yake. Lakini kwenye karatasi ya mechi hapakuandikwa «Sudani, wakimbizi». Iliandikwa Sudani, mwenyeji.

Congo ilikwenda huko tarehe 19 mwezi wa 11, 2023. Siku nne mbele yake ilikuwa imeipiga Mauritania 2-0 hapa nchini, na wengi walidhani Sudani ni kazi ndogo, maana watu wasio na uwanja wao watacheza nini? Congo ikafungwa 1-0. Mwezi wa 6 mwaka 2024, kila timu ilipokuwa imemaliza mechi nne, Sudani ndiyo iliyokuwa juu ya kundi kwa pointi 10. Senegal walikuwa na 8, sisi 7. Mwalimu wao alikuwa Kwesi Appiah, mtu wa Ghana.

Nisiwadanganye, wapendwa. Pointi 10 hazikusimamisha vita vya Sudani hata siku moja. Mechi ya mwisho ya kundi, Sudani walicheza na Congo tarehe 14 mwezi wa 10, 2025. Siku 12 baadaye mji wa El Fasher, huko Darfur, ulianguka baada ya kuzungukwa zaidi ya mwaka mzima, na watu wakakimbia kwa miguu. Mtu akiwaambia kwamba mpira unanyamazisha bunduki, mwulizeni habari za El Fasher.

Lakini lile jina «mwenyeji» lilibaki. Nitarudi kwake.

Kuna mechi nyingine ya kundi hilo ambayo haikusemwa sana kwenye redio zetu. Tarehe 11 mwezi wa 6, 2024, Sudani ilikwenda Juba kucheza na Sudani Kusini. Nchi hizi zilikuwa nchi moja. Zilipigana miaka mingi mpaka mapatano ya 2005. Na tangu 2023 watu wengi mno walivuka mpaka kutoka Sudani kuingia Sudani Kusini. Tena wengi wao walikuwa Wasudani Kusini waliokimbilia Khartoum zamani, sasa wanakimbia kurudi kwao. Nani hapo ni mgeni, nani ni mwenyeji? Hapa kwetu swali hilo linaleta matusi kwenye bomba la maji kila asubuhi. Juba Sudani walishinda 3-0. Mwezi wa 3 mwaka 2025 zikarudiana, safari hii Sudani Kusini ikiwa ndiyo mgeni, zikatoka sare 1-1. Sudani Kusini haikushinda mechi hata moja katika kundi zima. Ilipata sare tano, pointi tano, ikamaliza ya mwisho. Lakini ilicheza mechi zake zote 10, na Senegal wenyewe walilazimika kufunga safari mpaka Juba.

Hapo ndipo tofauti ya kundi na mtoano. Nimeona mashindano mengi ya wahamishwa na wenyeji, na karibu yote yalikuwa ya mtoano. Sababu ni fedha: mradi una wiki mbili, mfadhili anataka picha ya fainali, basi timu nane, anayefungwa anatoka. Vijana wa kambi wanatembea saa mbili kufika uwanjani, wanacheza dakika 60 kwa sababu jua linazama, wanafungwa kwa penalti ambayo nusu ya watu waliiona na nusu hawakuiona, basi imekwisha. Wanarudi na hasira na hawana siku nyingine ya kuimaliza. Mahali pamoja, ambapo sitapataja, mawe yalianza kabla mwamuzi hajaondoka uwanjani, na wiki hiyo wamama wa kambi hawakuweza kupita kwenda sokoni. Mpira wa amani ulifunga njia ya soko.

Katika kundi, kufungwa leo kunakuachia kazi ya kesho. Tazameni Congo yetu. Baada ya kufungwa Benghazi, ilikwenda Senegal mwezi wa 6 mwaka 2024, ikawa nyuma, na Fiston Mayele, yule aliyewahi kufurahisha watu wa Yanga kule Dar es Salaam, akasawazisha karibu na mwisho: 1-1. Kisha Togo 1-0 Kinshasa.

Mwanzo wa 2025 ninyi mnaujua kuniliko. Mwisho wa mwezi wa kwanza vita vikaingia Goma, mwezi wa pili vikafika Bukavu, na kambi nyingi zilizouzunguka mji wa Goma zikabaki tupu, watu wakibeba tena vitu vyao bila kujua vizuri wanakokwenda. Mwezi wa tatu timu ikaipiga Sudani Kusini 1-0 na Mauritania 2-0. Congo ikawa ya kwanza kwa pointi 13. Senegal na Sudani 12 kila mmoja. Nilikuwa ninapita kwa familia zilizopokea wageni wakati huo, na mara nyingi redio moja ilisikilizwa na nyumba tatu.

Halafu tarehe 9 mwezi wa 9, 2025. Senegal Kinshasa. Bakambu anafunga, Wissa anafunga, 2-0 na hata nusu ya kwanza haijaisha. Ninyi mnakumbuka. Senegal wakarudisha moja, wakarudisha la pili, na dakika za mwisho wakaweka la tatu. 2-3, nyumbani. Ingekuwa mtoano, hadithi ya Congo ingeishia usiku ule, na uchungu ule ungetafuta mtu wa kumwangukia. Lakini zilibaki mechi mbili. Togo wakafungwa kwao 1-0 na Bakambu. Sudani wakafungwa Kinshasa 1-0, na deni la Benghazi likalipwa. Senegal walimaliza na pointi 24, Congo 22, Sudani 13. Wa pili, Congo, wakaenda Rabat mwezi wa 11, wakaitoa Cameroon 1-0 kwa goli la Chancel Mbemba, na siku tatu baadaye wakaishinda Nigeria kwa penalti. Yaliyofuata ni habari ya mashindano mengine.

Jambo moja dogo hapo, kwa sababu makatibu wako hapa. Ili kuchagua wa pili wanne bora, matokeo dhidi ya timu ya mwisho ya kila kundi yalifutwa, kwa sababu Eritrea ilijitoa na kundi moja likabaki na nchi tano. Kwa hiyo pointi 6 ambazo Congo ilizipata kwa Sudani Kusini ziliondolewa, 22 zikawa 16. Ilikuwa haki, maana makundi yote yalipimwa kwa kipimo kimoja. Lakini fikirini mfanye hivyo hapa siku ya mwisho, bila kusoma kanuni mbele ya watu siku ya kwanza! Timu moja ikijitoa katikati, pointi zitahesabiwa namna gani? Tuandike leo, tusome kwa sauti, machefu na marais wa kambi watie sahihi.

Sasa ninarudi kwenye neno «mwenyeji». Uwanja tunaoutumia ni wa shule, na shule ni ya watu wa hapa. Tangu wahamishwa wafike, vijana wao wamecheza ugenini kila siku. Wanaomba ruhusa, wanakaa upande wa jua, wanaondoka wa kwanza. Ninapendekeza kwamba kila timu ya wahamishwa iwe na siku zake za nyumbani kwenye uwanja huohuo. Siku hiyo wao ndio wanaochora mistari kwa majivu, wao wanapokea wageni, wao wanatoa maji ya kunywa, mzee wao anakaa kiti cha mbele na chefu wa kartye anakuja kama mgeni wake. Najua kuna mtu hapa ataniambia, «Leo uwanja, kesho watataka mashamba.» Ni woga wa kweli, siudharau. Lakini Libya iliazima Benghazi, na uwanja wa Benghazi ungali wa Libya. Tuliandike hilo pia: uwanja ni wa shule, siku ni ya timu.

Juu ya majina ya timu, msiziite kwa kabila. Timu iitwe kwa avenue, kwa kambi, kwa block. Na kijana mhamishwa anayelala kwa familia ya mwenyeji achague mwenyewe atachezea wapi, mara moja tu, na asitukanwe. Axel Tuanzebe alizaliwa Bunia, akakulia Uingereza, akachezea timu za vijana za Uingereza, kisha akachagua Congo. Kama mtu mzima amepewa nafasi ya kuchagua, na mtoto wa miaka kumi na saba anayelala kwa shangazi wa kuazima apewe.

Wengine wanasema tuchanganye vijana wote, kila timu nusu kwa nusu. Ni wazo zuri la mwaka ujao. Kwanza wajue kupokeana.

Wamama nao wameniuliza saa. Wana haki. Mechi zikianza saa tisa, ndio wakati wasichana wanatumwa maji na njia inajaa vijana waliopandwa na damu. Tuanze asubuhi.

Timu sita, nyumbani na ugenini, ni mechi 30. Tukicheza tatu kila Jumamosi, ni Jumamosi kumi. Anayetoa fedha ataona ni nyingi, na barua ya kumweleza nimeiandika, katibu anayo. Kinachobaki ni uwanja. Mkubwa wa shule na chefu wa kartye wameomba kusema kabla ya wengine, nami ninawaachia nafasi.