Kuvunjika kwa Koleo si Mwisho wa Uhunzi

Mazungumzo kwa walimu na watumishi wa umma, Isevya, Tabora



Karibu kila mji una mahali ambapo zamani palikuwa na kazi na sasa pana kufuli. Huenda ni kiwanda, huenda ni karakana, huenda ni ghala la ushirika. Mpita njia huona kuta na nyasi ndefu, akasema pamekufa. Lakini mahali pa kazi hapafi siku mashine zinapozimwa. Hufa baadaye, katika ile miaka ambayo hakuna mtu aliyepewa wajibu wa kuamua pafanywe nini. Hiyo ndiyo hoja ya mazungumzo haya, na ushahidi wake umo katika historia ya nchi hii, tena mwingine hauko mbali na Isevya.

Tuanze na mfano wa mbali. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, kampuni ya Ford ilijenga kiwanda kikubwa cha ndege za kivita mahali paitwapo Willow Run, karibu na mji wa Detroit nchini Marekani. Kazi ilipopamba moto, ndege moja ya kurusha mabomu ilikamilika kwa kila muda wa saa moja. Mwezi Juni 1945 ndege ya mwisho ilitoka, na maelfu ya wafanyakazi wakabaki bila kazi. Kiwanda hicho hakikuachwa kiwe pango la popo. Kampuni nyingine iliingia ikatengeneza magari, na mwaka 1953 kampuni ya General Motors ikakichukua na kukitumia hadi mwaka 2010. Kilipofungwa tena, sehemu kubwa ya jengo ilibomolewa, sehemu ndogo ikahifadhiwa kwa ajili ya makumbusho ya ndege, na uwanja wake ukafanywa mahali pa kujaribia magari yanayojiendesha. Kwa hiyo ardhi hiyo ilibadili kazi mara kadhaa katika umri wa mtu mmoja. Barabara na reli zilikuwapo, na watu wenye ufundi wa chuma walikuwa karibu.

Hata hivyo, si kila kigeuzwacho hufaa. Baada ya vita hiyo hiyo, kampuni ya Kiingereza ya Vickers-Armstrongs, iliyokuwa ikitengeneza ndege na silaha, ilihitaji kazi ya wakati wa amani. Miongoni mwa kazi ilizopata ni kugeuza vifaru aina ya Sherman viwe matrekta. Matrekta hayo yalipewa jina la Shervick, na yakaletwa Tanganyika kung'oa misitu kwa ajili ya kilimo cha karanga. Kifaru kilichoundwa kwa ajili ya vita hakikufanya ajabu iliyotarajiwa katika udongo na visiki vya Afrika. Waliopanga walitazama zana waliyokuwa nayo, wakasahau kutazama ardhi ambayo zana hiyo ingefanyia kazi.

Mpango wenyewe wa karanga unajulikana. Mwaka 1946 Serikali ya Uingereza, iliyokuwa na uhaba mkubwa wa mafuta ya kula, ilikubali mpango wa kulima karanga katika eneo la zaidi ya ekari milioni 3 katika Afrika ya Mashariki na ya Kati, sehemu kubwa ikiwa Tanganyika. Mahali patatu palichaguliwa nchini: Kongwa, Nachingwea na Urambo. Katika mwaka wa kwanza ilikusudiwa kulima ekari 150,000, lakini zilizopandwa hazikufika ekari 10,000. Kongwa mvua ilikuwa haba, na udongo wake ulikauka ukawa mgumu kama saruji. Mwezi Januari 1951 mpango ulifutwa, na zaidi ya paundi milioni 35 zikawa zimepotea. Mkulima wa Kigogo au wa Kinyamwezi aliyeijua mvua ya kwao hakuwa ameulizwa neno.

Habari hiyo husimuliwa mara nyingi, na kwa kawaida msimulizi huishia hapo, watu wakacheka. Jambo lenye mafunzo zaidi ni lile lililofuata. Mpango mmoja ulifungwa mahali patatu kwa wakati mmoja, na kila mahali pakapata hatima yake. Ni nadra historia kumpa mwanafunzi wa mipango somo lililo wazi kiasi hicho.

Huko Kongwa, ambako kilimo kilishindikana, ardhi ilionekana kufaa kwa malisho, na ufugaji wa ng'ombe ukachukua nafasi ya karanga. Ranchi ya Kongwa ikaja kuwa mali ya Taifa. Tena majengo yaliyoachwa yalipata kazi ambayo hakuna mkoloni aliyeiota. Kuanzia mwaka 1964 Kongwa ilikuwa kambi ya wapigania uhuru. Wapiganaji wa FRELIMO, wa ANC, wa SWAPO na wa MPLA walipata mahali pa kulala na kujiandaa katika masalia ya mradi uliobuniwa kumnufaisha mtawala. Mali iliyoachwa na ubeberu ilitumika kuuvunja ubeberu.

Kusini, Nachingwea nayo ilipokea kambi ya FRELIMO, na wengi waliopata mafunzo pale waliiona Msumbiji ikipata uhuru tarehe 25 Juni 1975. Lakini reli iliyojengwa kuunganisha Nachingwea na Mtwara haikudumu. Ilijengwa kwa kutegemea zao moja, zao hilo likakosekana, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikafungwa. Bandari ya Mtwara, iliyojengwa kwa ajili ya karanga zile zile, haikufa pamoja nayo, kwa sababu bandari yenye kina kirefu inaweza kuhudumia mzigo wowote. Baadaye korosho za kusini zilipita hapo. Kitu kinachoweza kufanya kazi nyingi huishi zaidi ya mradi uliokizaa.

Urambo ndio mfano wa karibu zaidi kwa watu wa Tabora. Mahali hapo pana jina la Mtemi Mirambo, aliyetikisa njia ya misafara kutoka Unyanyembe kwenda Ujiji katika miaka ya 1870. Karanga zilipokwisha, palibaki ardhi iliyokwisha kufyekwa, barabara, nyumba, na Reli ya Kati iliyokuwa ikipita hapo tangu zamani. Mwaka 1955 Shirika la Kilimo la Tanganyika lilirithi kazi hiyo. Safari hii swali la kwanza lilikuwa udongo unakubali nini, na jibu likawa tumbaku ya mvuke. Mwanzoni mashamba makubwa yalikuwa mikononi mwa walowezi, na Waafrika wakiingizwa kama wapangaji. Baada ya Uhuru mkulima mdogo ndiye aliyekuja kulibeba zao hilo, na Urambo ikawa miongoni mwa sehemu mashuhuri za tumbaku nchini.

Itakuwa si haki kuusifu mfano huo bila kutaja gharama yake. Tumbaku ya mvuke hukaushwa kwa moto ndani ya mabani, na moto hutaka kuni. Kuni hizo zilitoka katika miombo ile ile inayowapa nyuki maua na kuwapa Wanyamwezi asali na nta. Kwa miaka mingi miti ilikatwa kwa kasi kubwa kuliko ilivyopandwa. Basi mpango wa matumizi mapya unaweza kufaulu sokoni huku ukimwachia mjukuu deni. Mpangaji mwema hana budi kuandika deni hilo katika hesabu zake tangu siku ya kwanza, na kupanda miti kabla ya kujenga bani.

Mfano wa nne ni Mazimbu, Morogoro. Hapo palikuwa na shamba la mkonge lililoachwa. Mwaka 1977 Serikali ya Tanzania iliwapa ANC ya Afrika Kusini eneo hilo, nao wakajenga shule iliyopewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na makaburu mwezi Aprili 1979. Mwaka 1992, njia ya kurudi kwao ilipofunguka, waliikabidhi Serikali ya Tanzania majengo hayo, yakawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Makabidhiano yalikuwa rasmi, na mpokeaji alijulikana. Palipotoka shule palikaa chuo, na hapakuwa na pengo la kuwapa wezi nafasi ya kung'oa mabati.

Mifano hiyo ilinganishwe na yaliyovipata viwanda vingi katika miaka ya 1990, mashirika ya umma yalipobinafsishwa. Baadhi viliuzwa kwa watu waliovifufua, na hao wanastahili pongezi. Lakini viko vilivyouzwa mashine zake zikafunguliwa na kuuzwa kama vyuma chakavu, na vingine vikageuzwa maghala ya bidhaa kutoka nje. Mkataba ulitaja bei, lakini wajibu wa mnunuzi haukusimamiwa. Fundi aliyesomeshwa na Taifa kwa miaka kumi akawa mlinzi wa geti la jengo alilowahi kuliendesha. Hasara ya jengo huweza kufidiwa kwa fedha, bali ufundi uliosahauliwa hauna duka la kuununulia.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitaja mambo manne yanayohitajika ili nchi iendelee: watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora. Fedha haikutajwa kuwa msingi. Orodha hiyo inafaa pia kuwa kipimo cha kila mahali palipofungwa.

Kwanza, watu wahesabiwe kabla ya mashine. Ijulikane nani wana ufundi, wanaishi wapi, na wanaweza kumfundisha nani. Orodha hiyo iandaliwe mwezi uleule wa kufunga, kabla mafundi hawajatawanyika.

Pili, ardhi na maji vipimwe upya. Kinachofaa Kongwa si lazima kifae Urambo, na kiwanda kilichokosa pamba hakitaponywa kwa kupakwa rangi.

Tatu, awepo mwenye dhamana mmoja. Jengo linalosubiri barua ya wizara, barua ya mkoa na barua ya halmashauri huliwa na mchwa kabla barua ya tatu haijajibiwa. Urasimu hauibi mabati, lakini humfungulia mlango mwizi.

Nne, masharti yawe ya kazi, yasiwe ya bei tu. Atakayepewa mali ya wananchi aseme ataajiri wangapi, atazalisha nini, na atairudisha lini akishindwa. Mpango huo usomwe mbele ya wakazi, maana mwenyeji ndiye ajuaye mto hufurika wapi.

Ndugu, Tabora ni mji unaolielewa somo hili kwa sababu mji wenyewe umewahi kufungwa na kufunguliwa upya. Kwa miaka mingi ulikuwa kituo kikuu cha misafara ya pembe na ya watumwa baina ya pwani na Ujiji. Reli ilipofika mwaka 1912, kazi ya mpagazi ilipoteza thamani yake, lakini mji haukuhama. Ukawa mji wa reli, kisha ukawa mji wa shule zilizotoa viongozi wa Taifa, Mwalimu Nyerere akiwa mmoja wao. Mwaka 1916, Wajerumani walipobanwa na vita, karakana ya reli ya eneo hili iligeuzwa kuwa mahali pa kufulia sarafu za dhahabu zenye picha ya tembo, dhahabu yenyewe ikitoka Sekenke. Kama mkoloni aliyezingirwa aliweza kubadili kazi ya karakana kwa miezi michache ili ajiokoe, Taifa huru lenye amani na wataalamu wake halina kisingizio cha kukaa miaka 20 likitazama kufuli.

Mwalimu anaweza kuwapeleka wanafunzi wake katika jengo lililofungwa wakapime, wakahesabu, na wakawahoji wazee waliofanya kazi pale. Mtumishi wa umma anaweza kulitoa kabatini jalada lililolala na kuuliza ni nani mwenye dhamana. Kazi hizo mbili hazihitaji mkopo kutoka nje. Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Walichotaka kusema ni kwamba uhunzi umo ndani ya mhunzi, na maadamu mhunzi yupo na anajua akitakacho, koleo jingine litapatikana.