Kuhara Damu kwa Vifaranga Wakati wa Masika: Banda Kavu Kabla ya Dawa



Kwetu Morogoro na Pwani, wakati wa masika kati ya Machi na Mei ndipo mfugaji hupiga simu akisema vifaranga walikuwa wazima jana, leo wamejikunyata na kinyesi kina damu. Mara nyingi huo ni ugonjwa wa koksidiosisi, ambao wengi wetu tunauita kuhara damu. Msimamo wangu ni kwamba tumezoea kuutafutia ufumbuzi dukani, wakati chanzo chake kiko sakafuni.

Ugonjwa huu unaletwa na vimelea wasioonekana kwa macho, jamii ya Eimeria, wanaoishi ndani ya kuta za utumbo. Si minyoo wala bakteria. Ndiyo maana dawa ya minyoo haiwagusi, na oksitetrasaiklini tunayoinunua kwa mazoea haiwatibu. Zipo aina kadhaa, na kinga dhidi ya moja haimlindi kuku dhidi ya nyingine, kwa hiyo kundi lililopona laweza kuugua tena. Inayotumalizia vifaranga wa wiki tatu hadi sita ni hasa Eimeria tenella.

Kifaranga mgonjwa hutoa vijiyai vingi mno vya vimelea hao kwenye kinyesi. Lakini kijiyai kilichotoka sasa hivi hakiambukizi. Kinahitaji unyevu, joto, hewa na muda wa siku moja hadi mbili ili kikomae. Maranda yaliyolowa, ndani ya banda lenye joto la nyuzi 25 hadi 30, yanakipa kila kinachohitaji. Maranda yakiwa makavu, vijiyai vingi havifikii hatua hiyo. Muda huo mfupi ndio nafasi yetu. Kijiyai kilichokomaa kikishamezwa, vimelea hupenya utumbo na kuzaliana, na damu huonekana takriban siku ya tano au ya sita. Kwa hiyo ukiona damu leo, chunguza wiki iliyopita: bati lililovuja, au chombo cha maji kilichopinduka usiku na hakuna aliyegeuza maranda.

Pima maranda yako kwa mkono. Chota konzi moja karibu na chombo cha maji, ikamue, kisha fungua kiganja. Yakimomonyoka, ni makavu vya kutosha. Yakibaki donge, yatoe siku hiyohiyo na uweke mapya. Usisubiri siku ya usafi. Mara nyingi eneo baya ni duara dogo tu kuzunguka maji, na kuliondoa kila siku hakuzidi debe moja. Chombo cha maji kiinue kwa matofali kadiri vifaranga wanavyokua, ukingo wake uwe usawa wa migongo yao, wasiingie kwa miguu wala kunyea ndani.

Nasisitiza pia hewa. Mvua ikianza, wengi hufunga turubai kutoka juu hadi chini kwa kuogopa baridi. Nia ni njema, lakini unyevu wa pumzi na kinyesi unabaki ndani, na alfajiri ukuta unatoa jasho. Acha wazi sehemu ya juu, ziba chini vifaranga walipo. Chimba mfereji nje ili maji ya paa yasirudi bandani, na usiwarundike vifaranga.

Kuhusu dawa za kuua vijidudu: nyingi tunazotumia kuosha banda haziviui vijiyai hivi, kwa sababu vina ganda gumu. Kinachovimaliza ni joto kali na ukavu. Toa maranda yote, osha, mwagia maji yanayochemka, kisha acha banda likauke kabisa kabla ya kuingiza kundi jipya.

Sasa dalili. Damu si dalili ya kwanza. Asubuhi, kabla ya kuongeza chakula, tazama kilichobaki cha jana. Kikiongezeka ghafla, kaa na vifaranga kidogo. Utamwona mmoja amejitenga, mabawa yameshuka, macho yamefumba, miguu na uso vimepauka. Aina nyingine za vimelea hazitoi damu kabisa. Vifaranga wanadumaa tu, chakula kinaisha bila uzito kuongezeka, na mfugaji anamlaumu muuza chakula. Lakini si kila kuhara ni koksidiosisi: kuharisha kweupe kunakoganda sehemu ya haja katika wiki mbili za mwanzo kunaelekea zaidi kwenye ugonjwa wa pulorumu. Ugonjwa wa Gumboro nao hushika umri huuhuu wa wiki tatu hadi sita, na kuhara kwake huwa kwa majimaji meupe.

Ukiwa na shaka, mpeleke aliyekufa karibuni kwa mtaalamu ampasue. Panapokutana utumbo mwembamba na mpana pana vifuko viwili virefu vilivyoziba mwisho. Kwa mgonjwa wa tenella vimevimba, vimekuwa vyekundu kama soseji, na vikikatwa hutoa damu au mabonge yake. Ukishaliona hilo mara moja huwezi kulisahau.

Matibabu yaanze siku hiyohiyo na kwa kundi zima, kwa kuwa wote wanakanyaga sakafu moja. Dawa ya amproliamu huwekwa kwenye maji, na wagonjwa huendelea kunywa hata wakikataa chakula. Fuata kipimo cha kwenye pakiti, maliza siku zote zilizoandikwa, na ondoa maji mengine yote. Usichanganye na vitamini zenye B1, maana dawa hii hufanya kazi kwa kuwanyima vimelea vitamini hiyo, ukiiongeza unaidhoofisha. Angalizo kwa wenye punda: chakula cha kuku chenye monensini, dawa ya kuzuia koksidiosisi, ni sumu kali kwao, hivyo kifungiwe mbali.

Maranda uliyoyatoa usiyamwage kwenye bustani ya mchicha nyuma ya banda, wanakochakura kuku wengine. Yarundike mbali, yafunike yapate moto, na viatu ulivyovaa ukiyabeba visiingie kwa vifaranga.