Hesabu Midomo Kwanza

Leo naongea na wewe uliyegeuza chumba cha kulala kuwa studio, uwe Makutano mjini Meru au Majengo kule Embu. Kompyuta unayo, na pesa za miraa au za kahawa zinakuwasha mfukoni. Najua pia kinachokuvutia: ile meza yenye fada, vile vitelezi vya sauti, zinazopanda na kushuka zenyewe, taa zikimetameta. Kwenye picha inapendeza kweli. Kwenye sauti uliyorekodi haiongezi hata chembe.

Sauti hupitia kile kikasha kidogo, saundikadi. Humo ndimo mawimbi kutoka kwa maikrofoni hugeuzwa kuwa tarakimu za kompyuta, na kikiharibu hapo, fada haitakuokoa. Kwa hivyo kabla ya kuuliza chapa, hesabu midomo: ni wangapi wataimba mbele yako kwa wakati mmoja?

Mara nyingi ni mmoja. Msanii wa injili anakuja na biti iliyokwisha kutengenezwa, anasimama, anaimba. Huyo anatoshwa na Focusrite Scarlett Solo, au Behringer UMC22 kama mfuko umetoboka. Zote mbili zina tundu la maikrofoni na la gitaa, na hutoa volti 48 za kuendesha maikrofoni ya kondensa. Ila mvua ya Oktoba hadi Desemba ikianza kupiga mabati, kondensa itarekodi mabati pia. Maikrofoni ya Shure SM58, isiyo ya kondensa, mdomo ukiwa karibu, husamehe zaidi. Na wewe unayeota SM7B kwa kuwa umeiona kwenye podikasti, jua ina kiu: inahitaji kukuzwa kwa desibeli 60 hivi, na vikasha vya bei nafuu vikisukumwa hadi huko huanza kuvuma.

Halafu stima. Vikasha hivi vidogo hulishwa kwa waya wa USB, kwa hivyo stima ikipotea katikati ya kibwagizo, betri ya laptopu inakumalizia wimbo.

Kuna lalamiko lingine la kila mara: naimba, halafu najisikia nikiwa nyuma. Hilo ni bafa, kile kifungu cha sampuli ambacho kompyuta hukusanya kabla ya kukishughulikia. Kwa sampuli 48,000 kwa sekunde, bafa ya 1,024 huchelewesha sauti milisekunde 21 ikiingia tu, bado haijarudi kwenye hedifoni. Ishushe hadi 128, inakuwa chini ya 3. Kompyuta ikishindwa na kuanza kukwaruza, washa swichi ya kujisikia moja kwa moja, sauti ikufikie kutoka kwenye kikasha bila kuzunguka kompyuta.

Sasa tushike barabara ya kutoka Embu kwenda Meru, tusimame Chuka. Hapo hesabu inabadilika. Wapiga ngoma wa Chuka hubana ngoma ndefu katikati ya miguu, na hucheza huku wakipiga, mwili mzima ukiyumba. Ukiwarekodi kwa maikrofoni mbili utapata kishindo kimoja kinene. Jinsi ngoma zinavyoulizana na kujibizana hutaisikia. Hapa ndipo mimi naruhusu pesa itoke: Behringer UMC1820 au Scarlett 18i20, kila moja ikiwa na matundu manane ya maikrofoni. Tafuta yenye njia ya kupunguza nguvu ya mawimbi yanayoingia, maana ngoma ile ikipigwa karibu hupasua sauti, na sauti iliyopasuka haishonwi. Usiweke maikrofoni puani mwa ngoma, kwa sababu mpigaji hatulii mahali pamoja. Mwachie nafasi ya kusogea. Vikasha hivi vikubwa vinataka stima ya ukutani, hivyo tafuta jenereta, na uiweke mbali sana, isije ikawa mpiga ngoma wa tisa.

Ukirudi nyumbani na njia nane za ngoma, au kwaya nzima ya kanisa, hapo fada zinapata kazi. Kwa kipanya unashika sauti moja tu. Kwa vidole unainua soprano huku ukishusha besi, sikio likiwa ndilo linaloamua. PreSonus FaderPort ya fada moja hujisogeza yenyewe. Korg nanoKONTROL2 haijisogezi, fada zake ni fupi, lakini ni nane na hulishwa kwa USB. Kwa kwaya ningechukua Korg bila kufikiri mara mbili. Hakikisha tu kwamba programu yako inaielewa. Nyingi huzungumza na vifaa vya namna hii kwa utaratibu wa Mackie Control.

Ukienda Luthuli Avenue jijini Nairobi kununua, beba kompyuta yako, maikrofoni na waya wake. Chomeka palepale kaunta, pandisha kiwango bila kusema neno, na usikilize ule mvumo wa chini. Muuzaji akikwambia boksi halifunguliwi mpaka ulipe, mtaa ule una maduka mengi.