Ushirika wa Kukopa: Nani Ameshika Ufunguo?

Ndugu msikilizaji, ukitoka Mchafukoge kwa miguu kwenda Kariakoo, ukapita viwanja vya Mnazi Mmoja, utakutana na Barabara ya Lumumba. Hapo limesimama Jengo la Ushirika. Wengi wetu tunalipita kila siku, mmoja anawahi dukani, mwingine anawahi daladala, wala hatujiulizi jina lile lina maana gani kwetu. Kwa mtu wa mjini, ushirika ni jambo la shamba: ni kahawa, pamba na korosho, na wazee wanaogombana kwenye mizani.

Leo nataka tuzungumze juu ya vyama vya ushirika vya akiba na mikopo, hasa vile vya vijijini, ambavyo tumezoea kuviita SACCOS. Jambo hili linamhusu mwenye duka wa Mtaa wa Kongo, linamhusu kuli wa sokoni na linamhusu karani wa Mchafukoge. Kwanza, mchele na maharage yanayoshushwa Kariakoo usiku yamelimwa na watu, na wengi wao walikopa fedha za mbegu na vibarua mahali fulani. Pili, fedha zetu wenyewe ziko huko. Kijana aliyeko mjini humtumia mama yake kijijini chochote alichojaliwa, na mama hutoa sehemu akaipeleka kwenye chama. Tatu, sisi wa mjini nasi ni wanachama. Tuna SACCOS za kazini na za wafanyabiashara, tuna VICOBA kila mtaa. Ugonjwa unaoua chama cha kijijini ndio huo huo unaoua cha mjini.

Ugonjwa wenyewe ni upi? Watu hupenda kusema ni wizi. Wizi upo, hakuna anayekataa. Lakini chama kinaweza kuanguka bila mtu kuvunja kabati. Huanguka siku anapokuja rafiki mwenye fedha nyingi, akakuta nyumba haina mwenyewe. Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Maneno hayo ni kweli pale tu mwenyeji anapokuwapo nyumbani.

Tuanze na kikundi kidogo kabisa. Mwaka 1991 kule Niger ulianza mtindo wa vikundi vya kuweka na kukopeshana visivyotegemea fedha za nje hata senti moja. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 shirika la CARE liliuleta Zanzibar, katika vijiji vinavyozunguka msitu wa Jozani. Wanachama huwa kati ya 15 na 30. Hukutana kila wiki, kila mmoja hununua hisa kwa uwezo wake, na fedha hutiwa katika sanduku la chuma. Sanduku lina kufuli tatu. Funguo tatu hushikwa na wanachama watatu tofauti, na anayelala na sanduku nyumbani kwake hana ufunguo hata mmoja. Haliwezi kufunguliwa isipokuwa mbele ya mkutano, na kila kinachotoka huhesabiwa kwa sauti ili hata asiyejua kusoma asikie.

Baada ya wafadhili kuondoka Jozani, vikundi vile havikufa. Viliendelea kuzaliana, kimoja kikifundisha kingine. Sababu ni kwamba fedha zilikuwa zao na funguo zilikuwa zao.

Lakini sanduku lina mpaka wake. Msimu wa kulima unapofika, kila mtu anataka kukopa mwezi ule ule, na hakuna mwenye cha kuweka. Ndipo watu wanapojiunga katika chama kikubwa zaidi, wakakiandikisha, wakaajiri meneja na mweka hazina, wakafungua akaunti benki. Hapo sanduku la chuma linageuka kuwa daftari, na kufuli tatu zinageuka kuwa taasisi. Kufuli ya kwanza ni mkutano mkuu, ambamo kila mwanachama ana kura moja, mwenye hisa mia na mwenye hisa mbili sawasawa. Kufuli ya pili ni hesabu zilizokaguliwa na mtu wa nje, kama vile shirika la ukaguzi la COASCO lililoundwa mwaka 1982. Kufuli ya tatu ni kamati ya usimamizi, yaani wanachama wanaochaguliwa ili kuichungulia bodi, si kuisindikiza.

Sasa tufanye hesabu, maana mali bila daftari hupotea bila habari. Tuseme kijiji kina chama chenye wanachama 300, na akiba yao yote ni shilingi milioni 60. Inakuja benki au mfuko fulani, unasema chama kizuri hiki, tutakipa milioni 200 kikopeshe watu wake. Chama kinakopa kwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka na kinawakopesha wanachama kwa asilimia 20. Kinabakiwa na asilimia 5, yaani milioni 10 kwa mwaka. Kila mtu anapiga makofi. Lakini mvua ikigoma, au bei ya mazao ikianguka, na sehemu moja tu kati ya kumi ya mkopo ule isirudi, milioni 20 zimepotea. Hiyo ni pato la miaka 2, bila kutoa mshahara wa meneja wala karatasi.

Nani atalipa? Benki haitasubiri. Itadai chama, na chama hakina kingine ila zile milioni 60. Yule mama aliyeweka akiba yake miaka kumi, ambaye hakuwahi kukopa hata siku moja, theluthi moja ya akiba ile imekwenda kulipa deni ambalo hakuombwa ridhaa yake. Alikuwa mdhamini bila kujua.

Kuna hasara nyingine ambayo haionekani kwenye daftari. Chama kilipokuwa na milioni 60 za wanachama, mkopaji aliona haya kutolipa, kwa sababu alijua anakula fedha ya jirani. Zilipoingia milioni 200 za watu wa mjini, mtu anasema hizo ni za mradi, hizo ni za serikali, hizo ni za Wazungu. Na meneja naye, ambaye zamani aliogopa mkutano mkuu, sasa anamwogopa ofisa wa benki. Chama kimebadilisha bwana bila kupiga kura.

Historia yetu imekwisha kutufundisha somo hili zaidi ya mara moja. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walianzisha chama chao mwaka 1925, na KNCU ikafuata mwanzoni mwa miaka ya 1930. Kanda ya Ziwa wakulima wa pamba walijenga muungano mkubwa katika miaka ya 1950. Lakini baada ya Uhuru vyama vilikua haraka kwa msaada wa dola, na mwaka 1976 dola hiyo hiyo ilivivunja vyama vikuu kwa amri, kazi zao zikagawiwa mamlaka za mazao na vijiji. Vilirudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Vikarudi vikikopa Benki ya Taifa ya Biashara kwa kutegemea mgongo wa serikali, na madeni yasiyolipika ya wakati ule yalikuwa miongoni mwa mizigo iliyofanya iundwe LART mwaka 1991. Mkulima alipoulizwa juu ya deni la chama chake, hakulijua. Hakuwapo lilipokopwa.

Tusogee karibu. Aprili 2013 kule Liwale zilitokea vurugu, nyumba zikachomwa, kwa sababu ya malipo ya korosho. Mfumo wa stakabadhi ghalani ulikuwa umewaunganisha chama cha msingi, chama kikuu, ghala, benki na mnunuzi. Ni ubia wa watu watano, na mkulima ndiye mwenye mali. Lakini mkulima aliyepokea malipo ya kwanza na kungoja ya pili alikuwa hana namna ya kujua fedha yake imekwama kwa nani. Mfumo wenyewe una faida zake, wala sisemi uvunjwe. Nasema ubia usioeleweka na mwenye mali ni kuni kavu.

Tena Januari 2018 Benki Kuu ilifuta leseni za benki 5 zilizokuwa na upungufu wa mtaji. Mojawapo ilikuwa benki ya ushirika ya wakulima wa Kagera. Bodi ya Bima ya Amana ililipa kila mwenye amana kwa kiwango kisichozidi shilingi 1,500,000. Aliyekuwa na zaidi ilibidi angojee mfilisi. Kwa hiyo neno ushirika mlangoni si kinga. Kinga ni mtaji, na mtaji hauji kwa hotuba.

Basi, tuwafukuze wabia? La hasha. Chama kinachokataa kila mgeni kitabaki na sanduku lake, na msimu wa kulima utakipita. Tazama Canada. Desemba 1900 huko Lévis, Alphonse Desjardins na jirani zake waliunda chama cha akiba. Siku kilipofungua mlango, Januari 1901, makusanyo yote yalikuwa dola 26 na senti 40, na mchango wa kwanza ulikuwa senti 10. Leo ni miongoni mwa taasisi kubwa za fedha nchini mwao, na wataalamu wao wamefanya kazi na SACCOS zetu hapa Tanzania kupitia mtandao wa Dunduliza. Haba na haba ilikuja kwanza, wabia wakaja baadaye.

Nasi tumepiga hatua. Aprili 2025 ilizinduliwa Dodoma Benki ya Ushirika Tanzania, iliyotokana na Benki ya Ushirika Kilimanjaro na benki ya wananchi ya Tandahimba. Vyama vya ushirika ndivyo vyenye hisa nyingi zaidi, na benki ya CRDB ni mbia. Ni jambo la kujivunia. Lakini swali la Jozani litaifuata hadi huko: ufunguo uko kwa nani? Hisa za chama zinapigiwa kura na viongozi wa chama. Ikiwa viongozi hao hawajawasomea wanachama wao hesabu, wingi wa hisa ni wingi wa karatasi tu.

Mwaka 1995 vyama vya ushirika vya dunia vilikutana Manchester vikakubaliana misingi saba. Msingi wa nne unaruhusu chama kuingia mkataba na serikali au kuchukua mtaji wa nje, kwa sharti moja: wanachama wabaki watawala na chama kibaki na uhuru wake. Sheria zetu nazo hazikulala. Sheria ya ushirika ya 2013 iliunda Tume ya Maendeleo ya Ushirika, na sheria ya huduma ndogo za fedha ya 2018 iliziweka SACCOS katika daraja la tatu, zikatakiwa kuwa na leseni. Lakini mkaguzi wa serikali hawezi kulala katika kila kijiji. Askari wa kwanza wa chama ni mwanachama aliyekaa kwenye benchi la nyuma akanyoosha mkono.

Anyooshe mkono aulize nini? Mambo manne. Katika kila shilingi mia tunazokopeshana, ngapi ni zetu na ngapi ni za nje? Mkataba wa mkopo wa nje ulisomwa katika mkutano gani, kwa Kiswahili? Wajumbe wa bodi, meneja na jamaa zao wanadaiwa kiasi gani, na wangapi wamechelewa kulipa? Na mwisho, mbia huyu akiondoka kesho, chama kitabaki na nini? Bodi yenye majibu haitakasirika. Ikikasirika, hilo nalo ni jibu.

Hapa ndipo ninaporudi kwetu sisi wa mjini. Wengi ni wanachama wa vyama vya nyumbani, au tumewalipia wazazi wetu viingilio. Lakini siku ya mkutano mkuu hatupo. Tunatuma fedha, hatutumi akili. Tunawaachia wazee mkutano unaoamuliwa kwa soda na nauli, halafu chama kikianguka tunakaa kibarazani Kariakoo tukiwacheka watu wa shamba kwamba hawajasoma. Mwaka 2009 ilipofungwa DECI, mchezo wa kupanda mbegu na kuvuna, waliopanga foleni kudai fedha zao hawakuwa watu wa shamba peke yao. Wengi walikuwa wa jiji hili hili, na walikuwa wametoa fedha mahali pasipo mkutano, pasipo kura wala hesabu.

Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, utakapokwenda nyumbani mwisho wa mwaka, pamoja na vitenge na sukari, mwombe mama kitabu chake cha akiba ukisome. Uliza mkutano mkuu ni lini. Kama huwezi kuwapo, mwandikie yale maswali manne kwenye karatasi, ampe mjukuu anayesoma ayasome mbele ya watu. Si lazima mama awe na cheo. Ana kura moja, sawa na mwenyekiti.

Kwa leo naishia hapo. Panapo majaaliwa, tukutane tena wiki ijayo.